Magazeti Mbadala ya Kila Wiki Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Gazeti mbadala la wiki ni gazeti la namna gani?

Ni gazeti la mji mmoja, linatoka mara moja kwa wiki, kwa kawaida Jumatano au Alhamisi ili likukute kabla wikendi haijaanza, na mara nyingi halina bei. Unaliokota kwenye sanduku la chuma kando ya barabara, au kwenye rundo lililowekwa mlangoni mwa duka la vitabu, duka la santuri, mgahawa au baa. Ukurasa wa mbele hubeba habari moja ndefu: diwani mla rushwa, jela iliyooza, mwenye nyumba anayewanyanyasa wapangaji. Ndani kuna safu za waandishi wenye ulimi mkali, katuni, uhakiki wa muziki, filamu, tamthilia na chakula, kisha ratiba ya kila kitakachochezwa mjini wiki hiyo, hadi kwenye ukumbi wenye viti thelathini. Nyuma kabisa ni matangazo madogomadogo.

Ushike mpangilio huo kichwani. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye jambo moja: kurasa za nyuma ndizo zilizolipia ukurasa wa mbele.

Mbadala wa nini?

Wa gazeti la kila siku la mji huohuo. Miji mingi ya Marekani ilifika mahali ikabaki na magazeti mawili ya kila siku au moja tu. Yaliandikwa kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana ana upande, habari zake nyingi zilitoka kwenye mikutano ya meya na polisi, na kwa muda mrefu yaliuchukulia muziki wa roki kuwa kelele za watoto. Kijana aliyepanga chumba mjini, anayefanya kazi mchana na kwenda kusikiliza bendi usiku, hakujiona humo.

La kwanza lilikuwa lipi?

Hesabu kwa kawaida huanzia kwenye The Village Voice la New York, lililotoka mara ya kwanza Oktoba 1955. Waanzilishi walikuwa Dan Wolf, Ed Fancher na mwandishi wa riwaya Norman Mailer, na ofisi yao ya kwanza ilikuwa nyumba ya kupanga katika mtaa wa Greenwich Village. Mwaka uliofuata tu gazeti likaanzisha tuzo za Obie kwa ajili ya tamthilia zilizokuwa zikichezwa nje ya kumbi kubwa za Broadway. Tuzo hizo ziliwatambua wasanii ambao wakubwa wa mji walikuwa hawajawatupia hata jicho.

Baada ya hapo kila mji ukapata lake. San Francisco Bay Guardian lilianza 1966, na mwaka huohuo Boston likazaliwa gazeti ambalo baadaye liliitwa Boston Phoenix. Phoenix New Times la Arizona lilianzishwa 1970 na wanafunzi waliokasirishwa na mauaji ya wenzao wanne waliopigwa risasi na askari katika Chuo Kikuu cha Kent State. Chicago Reader lilikuja 1971, Willamette Week la Portland 1974, LA Weekly 1978, Austin Chronicle 1981. Kufikia 1978 yalikuwa mengi kiasi cha kuunda chama chao cha kitaifa.

Je, si ndiyo yale magazeti ya chinichini ya mahipi?

Ni ndugu, ila si mapacha. Magazeti ya chinichini kama Los Angeles Free Press (1964) na Berkeley Barb (1965) yalikuwa ya harakati: kupinga vita vya Vietnam, kupinga ubaguzi, kutetea bangi. Uchapaji wa ofseti ulikuwa umeshusha gharama, hivyo watu wachache wenye taipureta, mkasi na gundi waliweza kutoa gazeti. Harakati zilipopoa, mengi yakafa nazo. Yale ya wiki yalirithi nywele ndefu na lugha ya mtaani, yakaiacha ilani ya mapinduzi, kisha yakaajiri mtu wa kuuza matangazo. Wapo waliouita huo usaliti. Mimi naona huyo muuza matangazo ndiye sababu tunayazungumza hadi leo.

Kama yaligawiwa bure, nani alilipa?

Hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe.

Waliolipa ni wenye klabu za muziki, maduka ya santuri na redio, kumbi za sinema, migahawa na baa. Hawa hawakuwa na haja ya kutangaza kwenye gazeti la kila siku, kwa sababu wangelipia maelfu ya wasomaji wa vitongoji vya mbali ambao wasingekanyaga klabu yao hata siku moja. Walimtaka kijana wa mjini, na gazeti la wiki lilikuwa naye. Vijana wa Chicago Reader, waliokuwa wamemaliza chuo pamoja, waliliona jambo hilo mapema. Tangu toleo la kwanza, lenye kurasa 16, waligawa gazeti lao bure. Ukiondoa bei, kila anayepita mlangoni ni msomaji, na idadi hiyo ya wasomaji ndiyo unayomuuzia mwenye klabu.

Kisha kulikuwa na matangazo madogomadogo: chumba cha kupanga, mtu wa kuchangia nyumba, gitaa la mitumba, mpiga ngoma anayetafutwa na bendi, mpweke anayetafuta mwenzi. Tangazo moja lilikuwa mistari mitatu ya senti na dola chache, lakini yalikuwa kurasa kwa kurasa. New York, watu walikuwa wakipanga foleni Jumanne usiku kwenye kibanda cha magazeti cha Astor Place wakisubiri Voice lishushwe, kwa sababu aliyewahi gazeti ndiye aliyewahi kupiga simu kuhusu chumba. Wengi wa wale waliosimama kwenye foleni hawakufuata siasa hata kidogo, ila gazeti walilikunja na kwenda nalo nyumbani, na siasa ikawafuata huko.

Mfano wa siasa kumfuata msomaji nyumbani?

Januari 1990 Chicago Reader lilichapisha makala ndefu ya John Conroy. Ilianza na mtu mmoja ambaye kumtetea ilikuwa vigumu: alikuwa amepatikana na hatia ya kuua polisi wawili mwaka 1982. Mtu huyo alidai kwamba akiwa mikononi mwa polisi alipigwa shoti za umeme na kuunguzwa kwenye radieta, na akafungua kesi ya madai. Conroy alikaa mahakamani wakati waandishi wengine wengi walikuwa wameshafunga daftari. Alisoma nyaraka, alifuatilia barua zisizo na jina zilizotumwa kwa mawakili na mtu aliyeonekana kuwa wa ndani ya polisi, kisha akaandika kwa utulivu kabisa kwamba mateso katika kituo kile yalionekana kuwa desturi, na kwamba msimamizi wake alikuwa kamanda Jon Burge.

Ungetegemea mji utikisike, lakini haukutikisika. Conroy aliendelea kuandika habari hiyohiyo kwa miaka, toleo baada ya toleo, na Reader likaendelea kumpa kurasa. Burge alifukuzwa kazi 1993. Mwaka 2003 gavana wa Illinois, George Ryan, aliwasamehe wafungwa wanne waliokuwa wakisubiri adhabu ya kifo, ambao walisema maungamo yao yalitokana na mateso ya Burge na watu wake. Mwaka 2010 Burge mwenyewe alitiwa hatiani, lakini kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki, kwa kuwa muda wa kisheria wa kumshtaki kwa mateso yenyewe ulikuwa umepita. Alihukumiwa miaka minne na nusu. Mwaka 2015 jiji la Chicago lilipitisha fidia ya dola milioni 5.5 kwa waathirika, na likaagiza kesi hizo zifundishwe katika shule za umma.

Miaka ishirini na mitano, tangu makala hadi fidia. Conroy hakuwepo kwenye gazeti kuyaona hayo ya mwisho, maana mwishoni mwa 2007, fedha zilipokauka, alikuwa miongoni mwa walioachishwa kazi.

Kuna habari nyingine kubwa zilizoanzia humo?

Zipo. Machi 2001 Boston Phoenix lilichapisha uchunguzi wa Kristen Lombardi kuhusu padri aliyedhalilisha watoto na kile alichokijua Kardinali Bernard Law. Boston Globe, gazeti kubwa la kila siku, lilianza mfululizo wake Januari 2002, likiwa na nyaraka za mahakama na timu nzima, na dunia ikasikia. Sifa za Globe ni halali yake, lakini aliyetangulia asisahauliwe.

Portland kisa kilikuwa cha ajabu zaidi. Mei 2004 Nigel Jaquiss wa Willamette Week alikuwa tayari kuandika kwamba Neil Goldschmidt, aliyewahi kuwa meya, waziri wa uchukuzi wa Rais Carter na gavana wa Oregon, alimdhalilisha kingono msichana wa miaka 14 katika miaka ya 1970. Goldschmidt alipojua kwamba habari inakuja, alikimbilia gazeti kubwa la kila siku akakiri huko kwa masharti laini zaidi, nalo likauita uhusiano huo kwa neno la mapenzi. Wasomaji walichachamaa. Tuzo ya Pulitzer, ile kubwa ya uandishi wa habari Marekani, ya mwaka 2005 kwa upande wa uchunguzi ilikwenda kwa Jaquiss.

Kwa hiyo magazeti ya bure yanaweza kushinda Pulitzer?

Yameshinda mara kadhaa. Mark Schoofs wa Voice aliipata mwaka 2000 kwa mfululizo wake kuhusu UKIMWI barani Afrika. Jonathan Gold wa LA Weekly aliipata 2007, na alikuwa mhakiki wa kwanza wa chakula kuipata, akiandika zaidi kuhusu vibanda na migahawa ya wahamiaji kuliko hoteli za kifahari. Eli Sanders wa The Stranger la Seattle aliipata 2012.

Ninayoipenda mimi ni ya 1981. Tuzo ya makala ilikuwa imeshatolewa kwa mwandishi wa Washington Post, kisha ikabainika kwamba mtoto aliyemwandika alikuwa wa kubuni. Tuzo ikarudishwa, na aliyepewa badala yake ni Teresa Carpenter wa The Village Voice.

Kwa nini muziki na filamu vilipewa nafasi kubwa kiasi hicho?

Kwanza, ndivyo vilivyoleta matangazo. Hilo tusilifiche. Lakini nafasi ile ilizaa namna mpya ya kuandika. Mwaka 1960 Andrew Sarris aliandika uhakiki wake wa kwanza kwenye Voice, akamsifia Alfred Hitchcock kama msanii mkubwa, na barua za hasira zikamiminika: wasomaji wa Greenwich Village walimwona Hitchcock kuwa mfanyabiashara wa vitisho tu. Kwenye gazeti hilohilo Jonas Mekas alikuwa akitetea filamu za majaribio ambazo hazikuwa na ukumbi wa maana wa kuonyeshwa. Wawili hao hawakukubaliana, na mhariri hakuona sababu ya kuwapatanisha.

Kwa muziki, Robert Christgau alianza mwaka 1969 kuzipa albamu alama za shuleni, A mpaka E, kwa aya fupi zilizobana kama methali. Kuanzia 1974 Voice likawa linakusanya kura za wahakiki nchi nzima kila mwaka. Miaka ya 1980 Greg Tate na Nelson George waliandika kuhusu hip hop humo wakati vyombo vingi vilikuwa bado vinasubiri ipite kama homa ya mafua.

Mfano wa Austin ni wa aina yake. Mwaka 1987 watu wa Austin Chronicle walishiriki kuanzisha tamasha la South by Southwest, wakitegemea watu 150. Walikuja kama 700. Tamasha likaja kuwa kubwa kuliko gazeti.

Waandishi wake husema "mimi" na hawafichi upande wao. Huo si upendeleo?

Upande upo, na wanausema. Hoja yao ni kwamba msomaji anayejua mwandishi amesimama wapi anaweza kumpima mwenyewe. Hilo linafanya kazi pale mwandishi anapotoka nje kutafuta ukweli, akahoji watu, akasoma faili. Likitumika kama kisingizio cha kukaa mezani na kutoa maoni, matokeo ni kurasa za majigambo, nazo tulizisoma nyingi. Ukali wa lugha ulikuwa ugonjwa wa nyumba hii: mwandishi kijana alijifunza kumchoma mtu kabla hajajifunza kupiga simu ya tatu ya kuthibitisha.

Kasoro nyingine haisemwi sana. Vyumba vingi vya habari vya magazeti haya vilijaa Wazungu, katika miji ambayo nusu ya wakazi hawakuwa Wazungu. Masanduku ya chuma yaliwekwa pale ambapo wauza matangazo walitaka wasomaji. Mitaa mingine haikuliona gazeti hilo "la mji mzima" kamwe.

Serikali za mitaa ziliyavumilia?

Si zote. Oktoba 2007, Michael Lacey na Jim Larkin wa Phoenix New Times walikamatwa usiku majumbani kwao kwa kuchapisha habari kuhusu amri ya kimahakama iliyowataka wakabidhi taarifa za waandishi, pamoja na za wasomaji waliofungua tovuti yao. Gazeti lilikuwa limemwandama kwa miaka mkuu wa polisi wa kaunti, Joe Arpaio. Kesi ilifutwa siku iliyofuata, na mwaka 2013 kaunti ikawalipa dola milioni 3.75.

Nini kiliyaangusha?

Anza na Craigslist. Mwaka 1995 Craig Newmark wa San Francisco alianza kuwatumia marafiki orodha ya matukio ya mjini kwa barua pepe. Orodha ikawa tovuti, tovuti ikaenea miji yote, na kuweka tangazo la chumba au gitaa kukawa bure. Kilichokuwa kikijaza kurasa za nyuma kikahama, bila kelele, ndani ya miaka michache. Maduka ya santuri yakafungwa. Ratiba za sinema zikaingia kwenye simu. Hakuna aliyesema uandishi umekuwa mbaya. Ila anayetafuta sinema sasa aliipata sinema peke yake, bila kukutana na Conroy njiani.

Yakaja na ya kujitakia wenyewe. Kampuni ya New Times, ya akina Lacey na Larkin wa Phoenix, ilinunua gazeti baada ya gazeti, na 2005 ikakubaliana kuungana na wamiliki wa Voice. Ili kuziba pengo la Craigslist ikaanzisha tovuti ya matangazo ya Backpage, iliyogeuka soko la ngono. Wamiliki waliachana na magazeti 2012 wakabaki na tovuti, na serikali ikaifunga Aprili 2018. Lacey, yuleyule aliyekamatwa kwa kutetea wasomaji wake, alihukumiwa miaka mitano mwaka 2024 kwa kosa moja la utakatishaji fedha.

Vifo vilifuatana: Boston Phoenix Machi 2013, Bay Guardian 2014, Philadelphia City Paper 2015, Baltimore City Paper 2017. Voice liliacha karatasi Septemba 2017, likasimama kabisa Agosti 2018, na jina likafufuliwa 2021 chini ya mmiliki mwingine. Machi 2020 korona ilifunga baa, klabu na kumbi karibu zote ndani ya wiki chache. Hakuna biashara iliyokuwa imejifunga kamba na maisha ya usiku kuliko hii.

Yapo yaliyobaki?

Yapo, na kila moja limejitafutia njia. Willamette Week lipo. Seven Days la Vermont, lililoanza 1995, lipo. Isthmus la Madison liligeuka shirika lisilo la faida na kutoka mara moja kwa mwezi. Chicago Reader nalo liligeuka shirika lisilo la faida 2022, lakini 2025 likanunuliwa na kampuni inayomiliki The Stranger. Mengi sasa huomba wasomaji wachangie kila mwezi. Uchangiaji unaweza kulipa mshahara wa mwandishi mmoja wa uchunguzi, wakati mwingine wawili. Shida ni kwamba anayechangia uchunguzi ni mtu ambaye tayari anaupenda. Yule wa foleni ya Astor Place hayumo.

Waandishi wachanga waliokuwa wakianzia humo wameishia wapi?

Kila mahali. Colson Whitehead alifanya kazi Voice kabla ya riwaya zake. Washington City Paper, lililokuwa likihaririwa na David Carr, lilimpa kazi Ta-Nehisi Coates akiwa hajulikani, na Katherine Boo naye alipitia gazeti hilo. Matt Groening, aliyekuja kubuni katuni za The Simpsons, alikuwa mchoraji wa katuni za sungura mwenye huzuni kwenye gazeti la wiki la Los Angeles kabla televisheni haijamjua. Mshahara ulikuwa mdogo, ila ulipewa maneno elfu tano na mhariri mkorofi, na hiyo ilikuwa shule.

Matoleo ya zamani yanasomwa wapi?

Makala za Conroy zipo kwenye tovuti ya Chicago Reader. Kumbukumbu za Boston Phoenix zilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Northeastern. Ukibahatika kupata toleo zima lililopigwa picha, usikimbilie habari ya mbele. Anzia nyuma, kwenye vyumba vya kupanga na wapiga ngoma wanaotafutwa, halafu ufunue polepole kwenda mbele.